Kufa Vizuri kwa Ajili ya Lorine

Mara ya kwanza nilipokufa, sikufa vizuri. Si mimi niliyesema hivyo. Ni Madam Shaista, mwalimu wa mjukuu wangu Lorine katika chuo kimoja hapa Kisumu wanakofundisha kutengeneza filamu. Alitazama kazi ya Lorine yote, dakika kumi na mbili, akavua miwani, akaifuta kwa mtandio wake, akasema, "Lorine, pale ulipotaka niogope nimecheka. Na pale ulipotaka nicheke nimetazama saa."

Lorine alinisimulia hayo Jumamosi, amelala kifudifudi juu ya kitanda changu, viatu bado miguuni. Nilivivua, nikaviweka mlangoni, nikasubiri amalize kulia.

"Kukhu," akasema ndani ya mto, kwa maana sisi nyanya tunamwita Kukhu, "nimepewa mpaka Ijumaa."

"Ijumaa hii?"

"Hii. Ikikataliwa tena narudia mwaka mzima. Kartik na Griffin wataondoka, mimi nitabaki na watoto wapya."

Kosa lilikuwa lake na alilijua. Wenzake walikuwa wameandika kwenye fomu kwamba filamu zao zitafundisha juu ya magugu ya ziwani, au faida ya kunawa mikono. Yeye akaandika kwamba yake itatisha na kuchekesha kwa wakati mmoja. Madam Shaista alimwonya kwamba watu wazima wamejaribu hilo wakashindwa. Lorine akasema ataweza.

Hadithi yenyewe ilitoka jikoni kwangu. Siku moja nilikuwa napika kuku, Lorine akaniuliza, "Kukhu, wewe huwa unakula kipande gani?"

"Shingo," nikamwambia. "Na bawa, likibaki."

"Na firigisi?"

Nikacheka. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, na asipokuwepo ni ya mgeni wa kiume. Nimepika kuku tangu niolewe, miaka hamsini na mmoja sasa, na firigisi naijua kwa vidole tu: kuipasua, kumwaga mchanga, kuichuna ile ngozi ya manjano, kuiweka juu kabisa kwenye sahani ya mzee. Ladha yake siijui. Sikuwahi kuona ni jambo la kusikitikia. Lakini wiki iliyofuata mtoto akaja na karatasi. Nyanya amekufa. Watu wamekuja matangani, kuku wamechinjwa, na mchungaji anapoinua firigisi aile, nyanya anaketi ndani ya jeneza na kuuliza, "Nani amekula firigisi yangu?"

Ile mara ya kwanza walinilaza kitandani, wakanipaka unga usoni na sosi ya nyanya mdomoni. Griffin, kijana wa Kisian anayeshika kipaza sauti cha mti mrefu, ndiye aliyekuwa mchungaji. Alizungusha macho kama mtu aliyemeza pilipili. Kartik, ambaye watu wake wana duka la vifaa vya ujenzi mjini, alishika kamera, na kamera ikatikisika kwa sababu naye alikuwa anacheka. Kartik ni mtoto mpole. Huvua viatu mlangoni kwangu kila anapokuja, ingawa nimemwambia mara nyingi kwamba sakafu ni simiti tu.

"Mbona mlikuwa mnacheka wote?" nikamuuliza Lorine Jumamosi hiyo.

"Kwa sababu inachekesha, Kukhu."

"Mimi sikucheka. Mimi nimekufa, na firigisi yangu imeliwa."

Aliinua uso kutoka kwenye mto, macho mekundu, akanitazama kwa muda mrefu. "Tufanye matanga ya kweli," akasema. "Hema, viti, jeneza, kila kitu. Hakuna unga. Hakuna sosi."

Basi Jumapili baada ya ibada niliazima viti vya kina mama wa kanisa. Waliponiuliza ni vya nini, niliona haya kusema nitakufa kwenye filamu, nikasema nina jambo dogo Jumanne. Jeneza alitupa Robinson, fundi wa pale Otonglo, lile la maonyesho analoliweka kando ya barabara. Alichukua futi akanipima nikiwa nimesimama mbele ya karakana yake, huku wapita njia wakitazama.

"Mama Walubengo, utaenea," akasema. "Hata utabaki na nafasi ya kugeuka."

"Sitageuka, Robinson. Nitakuwa nimekufa."

"Bado. Mtu asibanwe."

Jumatatu alishinda akilipiga msasa kwa ndani lisije likanichoma kibanzi mgongoni. Kisha akatoboa matundu sita madogo kando, ya pumzi, na hakumwambia mtu. Niliyaona mwenyewe nilipolala ndani.

Jumanne asubuhi sikwenda kibandani kwangu kuuza ndizi. Nilikuwa nyumbani navaa gauni langu jeupe la kanisani, na Lorine alikuwa amenifundisha tangu alfajiri: ukisikia makofi matatu, fungua macho, keti polepole, sema maneno yako. Makofi matatu, macho, keti, maneno. Tulirudia mpaka mgongo ukazoea. Kisha akavaa nguo nyeusi akaenda kulifuata jeneza.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na si kosa la mtu mmoja. Robinson alilisukuma jeneza kwa mkokoteni kupitia katikati ya soko la Otonglo, saa nne asubuhi. Lorine akamfuata nyuma amejipaka dawa ya mafua chini ya macho, machozi yakimtiririka, anajizoeza. Sasa huku kwetu mtu anayetembea nyuma ya jeneza haulizwi kitu. Ni kukosa adabu. Unavua kofia, unatazama linaelekea lango gani, kisha unakwenda kujiandaa. Watu waliona jeneza likiingia kwangu. Wakatazama kibanda changu, kitupu. Wakakumbuka viti. Hakuna aliyeuliza, kwa heshima tu.

Mimi nikaingia ndani ya jeneza, chini ya hema, uwanjani. Kartik alinipa mto wake wa gari. Lorine akasema, "Kukhu, tulia hapo, nakwenda nyuma ya nyumba kumvalisha Griffin koti la mchungaji." Nikafumba macho.

Kwanza nilisikia sauti kwa mbali, juu kule barabarani.

"Uuuwi! Uuuwi, Mama Walubengo! Uuuwi!"

Nikasema moyoni, huyu mtoto safari hii ametafuta waigizaji wazuri.

Sauti ikakaribia. Nyuma yake nyingine, na nyingine. Lango likagonga ukuta. Miguu mingi ikaingia uwanjani mbio, na mtu akaja akajitupa juu yangu, akinuka samaki wabichi. Nikamjua hata kabla hajasema. Alikuwa Mama Ondiek, jirani yangu, anayeuza samaki pale sokoni.

"Mama Walubengo! Umeniacha na nani? Jana ulinipa ndizi ukasema kesho! Kesho gani hii, yawa? Na sufuria yako kubwa iko kwangu! Nilisema nitarudisha Jumapili! Sasa nitamrudishia nani?"

Hapo nikajua hakuna mwigizaji. Ile sufuria nilikuwa nimeitafuta tangu Pasaka.

Ningefumbua macho papo hapo. Lakini nisikilizeni. Yule mama alikuwa ameniangukia kifuani kwa uzito wake wote, analia mpaka anakosa pumzi, na mimi nilifikiri, nikimfumbulia macho karibu hivi, atakufa yeye kweli na jeneza litakuwa lake. Nikaamua nisubiri apoe kidogo, kisha nifungue jicho moja.

Kwa hiyo nililala na kusikiliza. Mtu alinivutia gauni likafunika kifundo cha mguu. Mtu mwingine alinifukuzia nzi puani, akakaa hapo akimfukuza muda wote. Sijui alikuwa nani mpaka leo. Nilisikia ufagio ukifagia uwanja wangu. Kisha kilio kikakatika mara moja kama redio iliyozimwa, ndivyo kilivyo kilio chetu, na nikasikia, "Habari za nyumbani? Mlipata gari?" "Tulipata. Chai iko?" "Majani yako, sukari ndiyo hakuna." "Nani ameenda na ufunguo wa jikoni?" Wanaume upande wa pili walikuwa wanabishana mahali pa kuchimba. Mmoja alisema chini ya mpapai. Mwingine akasema hapana, mpapai una mizizi mibaya.

"Bado ana joto," Mama Ondiek akasema, kiganja chake shavuni pangu.

"Ni jua," mwingine akamjibu.

Akashusha sauti akaniambia mimi peke yangu, "Ondiek alipolazwa ulikaa na mimi siku sita hospitalini. Hukusema kitu. Watu wengine wote walikuwa wanasema."

Mimi nilikuwa nimesahau siku zile. Nilichokuwa nakumbuka ni baada ya mzee wangu kufa, vile kila Alhamisi nilikuta vichwa viwili vya samaki mlangoni, vimefungwa kwenye karatasi, na aliyeviweka hajabisha hodi. Machozi yakaanza kunijia ndani ya macho yaliyofumbwa. Nikasema, sasa. Jicho moja.

Ndipo Pasta Waliaula, mchungaji wetu wa kweli, akapaza sauti. "Wapendwa! Kabla ya maombi, tumpigie mama yetu makofi matatu ya kumsindikiza!"

Pa. Pa. Pa.

Ndugu zangu, mwili uliotii tangu alfajiri hauwezi kuambiwa acha. Macho yakafunguka. Mgongo ukainuka, polepole, kama nilivyofundishwa. Na mdomo ukasema, kwa ile sauti ya chini niliyojizoeza nikimenya viazi, "Nani amekula firigisi yangu?"

Nimeona watu wakikimbia mvua ya mawe. Nimeona watu wakikimbia askari wa kaunti. Sijaona mbio kama zile. Hema lilikwenda na watu watatu. Fundi Robinson, aliyenipima kwa mkono wake na kujua kila kitu, alikimbia pia. Alisema baadaye kwamba alipoona wengine wanakimbia alidhani amesahau jambo. Mzee aliyesema mpapai una mizizi mibaya alikuwa juu ya mpapai. Pasta Waliaula aliruka ua wa minyaa bila kuugusa, isipokuwa suruali yake, ambayo iliugusa. Lorine akatokea nyuma ya nyumba na Griffin, akaona uwanja mtupu na vumbi, akasema, "Ni nini?"

Mtu mmoja hakukimbia. Mama Ondiek alikuwa amepiga magoti kando ya jeneza, ameshika mkono wangu. Uso wake siwezi kuusimulia. Mdomo wazi, macho wazi, anatetemeka mpaka jeneza linatetemeka. Lakini mkono hakuuachia.

"Si mimi, Mama Walubengo," akasema. "Naapa. Mimi hata chai sijakunywa."

"Mama Ondiek," nikasema, "sijafa. Ni filamu ya Lorine."

Alinitazama. Akatazama ile kamera, na Kartik nyuma yake, ambaye hakuwa ameacha kurekodi kwa sababu alidhani yote yalipangwa na Lorine. Kisha akavua patapata ya mguu wa kulia akanipiga nayo begani, mara moja, mbili, tatu. Ya nne hakuifikisha. Alianza kucheka, nami nikaanza kucheka, akaniangukia tena kifuani akicheka na kulia, tukashindwa kupumua wote wawili, mpaka Griffin, ambaye kwao nyanya huitwa Dana, akauliza, "Dana, niite daktari ama?"

Simu yangu ikalia. Ni mwanangu Walubengo, kutoka Webuye.

"Mama? Wananiambia umekufa."

"Nilikufa. Nimerudi."

"Hii si mambo ya mzaha, Mama! Nimeshaomba ruhusa kazini!"

Watu walirudi mmoja mmoja wakichungulia langoni. Walipoelewa, walicheka mpaka jua likageuka. Chai ikapikwa, na sukari ikapatikana.

Alasiri Kartik akafungua kompyuta mezani kwangu, wakatazama walichorekodi. Sijawahi kumwona Lorine vile. Alisimama akaketi, akasimama akaketi. "Ni hii," akasema. "Kukhu, ni hii. Inatisha na inachekesha. Uso wa Mama Ondiek, uone! Mtu hajui acheke ama akimbie!"

"Umewauliza?"

"Kuwauliza nani?"

"Wenye nyuso."

Griffin akasema, "Lakini Dana, ni filamu ya shule tu, bana." Nikamwambia, Griffin, siku yako ya kulia, ungependa mtu akuulize ama asikuulize? Akakuna kichwa. Wakatoka kwenda kuuliza.

Watu ni wema kuliko tunavyowadhania. Wote walikubali, hata wenye aibu. Yule mzee wa mpapai alitaka tu jina lake liandikwe kubwa. Pasta alikubali kuruka kwake kuonyeshwa, ila upande wa mbele peke yake. Lakini Mama Ondiek alisema hapana.

"Kilio changu kilikuwa cha Mama Walubengo," alimwambia Lorine mlangoni. "Hakikuwa cha shule." Akafunga mlango, taratibu, si kwa hasira.

Lorine akarudi akaketi jikoni kwangu. "Kukhu, uso wake ndio filamu yenyewe. Wengine wanakimbia tu. Bila yeye ni vichekesho, basi."

"Najua."

"Nitarudia mwaka."

"Najua pia."

"Zungumza naye wewe. Wewe hatakukatalia."

"Ndiyo maana siwezi," nikamwambia, nikamtilia uji. Hakuunywa.

Jumatano asubuhi alisema anakwenda Dunga, ambako Mama Ondiek hununua samaki wake. Nikamfuata. Niliogopa atambembeleza mpaka mwenzangu akubali bila kupenda. Nikasimama nyuma ya boti moja iliyoinuliwa ufukweni, wanawake wakinunua omena kunizunguka, nikatega sikio.

"Umetumwa na nyanya yako?" Mama Ondiek akamuuliza, mikono ndani ya beseni la samaki.

"Hapana, Mama. Hata yeye yuko pale nyuma ya boti amejificha."

"Ninamwona. Kitambaa chake kinajulikana."

Lorine akatoa simu. "Nimekuja kufuta kile kipande chenye uso wako, mbele yako. Kartik na Griffin wameshakifuta kwenye nakala zao. Hiki ndicho kimebaki. Nilitaka ukione kwanza, ni chako."

Mama Ondiek alikausha mikono kwenye leso, akatazama. Midomo ikamcheza. "Huyu ni mimi? Hivi ndivyo ninavyofungua mdomo? Nyasaye! Na hakuna aliyewahi kuniambia!" Akacheka kidogo, kisha hakucheka. Alitazama mkono wake ulioshika wangu, akairudisha nyuma akatazama tena. Halafu akasema, "Futa."

Lorine akafuta. Aliinama akashika upande mmoja wa beseni, Mama Ondiek akashika mwingine, wakaanza kutembea.

"Sasa utafanya nini?"

"Sijui, Mama."

"Hiyo swali ya firigisi. Kwa hiyo karatasi yako, nani anaijibu?"

"Hakuna. Wanakimbia tu."

Mama Ondiek akasimama, beseni likasimama. "Mtu ametoka huko kote, amekufa, amerudi kuuliza swali moja, na mnamkimbia? Hapo ndipo mmekosea. Kesho nitakuja. Kilio sitalia tena, lakini swali nitalijibu."

Alhamisi tulikusanyika tena, hema lile lile likiwa limeshonwa. Safari hii kila mtu alijua, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Mara ya kwanza nilipoinuka, mzee wa mpapai alikimbia kabla sijasema. Mara ya pili mama mmoja akapunga mkono kwa kamera. Mara ya tatu Pasta Waliaula, ambaye sasa alikuwa amechukua koti kutoka kwa Griffin na kuwa mchungaji wa filamu pia, alipiga yowe zuri sana mpaka wote tukamshangilia. Ilikuwa furaha tupu. Lakini nilimwona Lorine ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini, akitazama jua.

"Kuku ni mmoja tu," akaniambia polepole. "Firigisi ni moja. Nimeiweka kwa ajili ya mara ya mwisho, na mara ya mwisho ni sasa, kabla jua halijakwenda. Na bado wanacheza."

"Hawana kazi, ndiyo maana wanacheza," nikamwambia kutoka ndani ya jeneza. "Umewaambia waogope. Umewaambia walie. Waambie wale."

"Wale tu?"

"Wana njaa tangu asubuhi, mtoto wangu. Wape chakula, wale kweli. Nami sitatisha mtu. Nitauliza swali langu, kwa sababu nataka kujua."

Akanitazama kama ile Jumamosi. Akasimama akawaambia watu waketi, chakula kiko tayari, asiwepo wa kuigiza. Sahani zikapita. Na kweli, matanga yenye chakula hayana mzaha. Kimya kiliingia, vijiko tu na kutafuna. Pasta akapokea sahani yake, firigisi juu kama inavyostahili. Akafumba macho akabariki. Akaiweka mdomoni.

Pa. Pa. Pa, Lorine akapiga, kwa upole.

Nikafungua macho. Nikaketi. Sikubadilisha sauti. Niliuliza kama vile ningeuliza nyumbani, siku yoyote ya miaka hamsini na mmoja. "Nani amekula firigisi yangu?"

Hakuna aliyekimbia. Midomo ilikuwa imejaa.

Mama Ondiek alikuwa ameketi kando ya jeneza, sahani mapajani. Akageuka taratibu akanitazama, na nikaona kwamba haigizi. Uso wake ulikuwa wazi kama wa mtu anayehesabu jambo kwa mara ya kwanza.

"Sijui, Mama Walubengo," akasema. "Kwetu zamani mwanamke hata kuku mwenyewe hakula. Hiyo firigisi hata mimi sijawahi kuonja."

Tukatazamana, mimi maiti na yeye mzima.

Kisha, na hili hakuna aliyetuambia tulifanye, tukageuza vichwa vyetu polepole, kwa pamoja, tukamtazama Pasta.

Pasta alikuwa na firigisi shavuni. Akaacha kutafuna. Mzee aliyekuwa karibu naye akasogeza kiti. Mwingine akasogeza. Viti vikasogea mpaka Pasta akabaki peke yake katikati ya uwanja, shavu limevimba, jasho likimtoka, hawezi kumeza na hawezi kutema. Na wanawake wote waliokuwepo, ambao hawakuambiwa kitu, nao wakaweka sahani chini wakageuka kumtazama.

Nilisikia ule mti wa Griffin ukigongagonga hema. "Dana," akanong'ona, "mimi naogopa kweli." Akabanwa na kicheko papo hapo, akaziba mdomo kwa bega.

Lorine hakusema "Kata!" kamera isimame. Aliiacha. Alituacha tukitazama mpaka Pasta, kwa sauti ndogo sana, akasema, "Samahani."

Ijumaa alasiri chuo kilijaa. Wazazi, wanafunzi, walimu watatu mbele na Madam Shaista katikati yao na kikombe chake cha chai. Mimi na Mama Ondiek tulipewa viti vya mstari wa pili. Kartik alitandika koti lake juu ya changu kwa sababu kilikuwa cha chuma. Lorine alisimama nyuma kabisa ukutani. Filamu ilipoanza, mimi sikutazama mbele. Nilimtazama yeye. Naye hakuitazama filamu pia, aliwatazama watu.

Watu walicheka kwenye mbio za Jumanne, na Pasta aliporuka walipiga vigelegele. Hicho kilikuwa kicheko tu. Lorine hakutikisika. Kisha kikaja kimya cha vijiko. Mwanamume mmoja mbele yetu aliacha kutafuna njugu zake. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikiuliza swali, na Mama Ondiek, ambaye alikuwepo, ambaye alilijibu kwa mdomo wake, akanibana mkono mpaka ukafa ganzi.

Vile vichwa viwili vilipogeuka pale mbele ukutani, ukumbi wote ulipiga yowe. Lakini lile yowe lilikuwa na kicheko ndani yake, havikuachana, vilitoka pamoja kwenye koo moja. Yule wa njugu alizimwaga zote. Mke wake alikuwa amemgeukia anamtazama tu, na yeye akaanza kusema, "Lakini mimi huwa nakupa! Si huwa nakupa?" Chai ya Madam Shaista ilikuwa mapajani kwake, yote, naye alikuwa ameshika mkono wa mwalimu mwenzake kama mtu anayevuka mto.

Taa zilipowashwa, alitafuta miwani yake sakafuni. Akaivaa. Ilikuwa imepinda.

"Lorine uko wapi?"

"Hapa, Madam."

"Umepita." Akafuta macho kwa mtandio, akacheka, akajishika kifua. "Umepita, mtoto. Sasa zima hizo taa urudishe hapo mwisho. Nataka kuona kama nitaogopa tena."

Wakazima. Lorine akarudisha. Kabla hata sijafungua macho kule ndani ya jeneza, Madam Shaista alikuwa ameshapiga yowe.